Moshi wa Sekenke uandikwe kwa jina la nani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza kanuni ambayo mataifa yaliyoridhia Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa 1992 huifuata katika kuhesabu gesijoto: kila nchi huandika kile kinachotoka ndani ya mipaka yake. Ng'ombe akicheua Meatu, methani yake ni ya Tanzania. Tanuri la saruji likichoma mawe ya chokaa Wazo, hewa ukaa inayotoka ni ya Tanzania, iwe saruji hiyo imejenga ghorofa Kariakoo au imevuka mpaka kwenda Kigali. Kanuni hii ni nyepesi kusimamia, ndiyo maana imedumu zaidi ya miaka thelathini. Hoja yangu leo ni kwamba inatueleza nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili, yaani nani anakitumia kilichozalishwa, nayo lazima iandikwe, tena tuanze kuiandika humu ndani kabla hatujaenda kuwadai wengine.

Tupime hoja hiyo mahali pamoja panapojulikana na kila dereva wa barabara ya kati. Sekenke ipo wilayani Iramba, mkoani Singida, pale barabara kuu ya Singida kwenda Nzega inapoacha nyanda za juu za Iramba na kuteremka kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere. Dhahabu ya hapo ilianza kuchimbwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana na fedha zikawaadimikia, Wajerumani waliipeleka dhahabu ya Sekenke Tabora, na mwaka 1916 wakafua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000 kwa idadi. Sarafu hizo leo zinasakwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na bei yake inapita mbali thamani ya dhahabu iliyomo. Mgodi uliendelea chini ya Waingereza hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Baada ya hapo machimbo yakabaki mikononi mwa wachimbaji wadogo, na hao ndio wanaoyaendesha hadi leo.

Namna dhahabu hiyo inavyopatikana ndiyo kiini cha suala letu. Mchimbaji anazamisha duara, na ili kuta zisimwangukie anazikinga kwa matimba, magogo yanayokatwa kwenye mapori ya jirani. Chini kuna maji, kwa hiyo pampu haina budi kufanya kazi. Mwamba ni mgumu, kwa hiyo kompresa nayo inanguruma. Palipokosa umeme wa gridi, mitambo hiyo huendeshwa kwa dizeli. Mawe yakitoka juu yanapondwa, yanasagwa kwenye karasha hadi yawe unga, unga unaoshwa kwenye mwalo, zebaki inatiwa ili ikamate dhahabu, kisha zebaki inachomwa. Marudio yanayobaki yanauzwa kwa wachenjuaji wenye matangi, ambao huyaloweka kwa sayanaidi kukamua kilichosalia. Katika kazi yote hiyo tani nzima ya mawe inaweza kutoa gramu chache tu. Na kila lita ya dizeli iliyoungua njiani, ambayo yenyewe haifiki uzito wa kilo moja, imetoa hewa ukaa karibu kilo 2.7, kwa sababu kaboni iliyomo kwenye mafuta inapoungua hujiunga na oksijeni ya hewani, na oksijeni hiyo ndiyo yenye sehemu kubwa ya uzito. Mtu asiyelijua hilo huwa haamini kwamba tangi moja la mafuta linaweza kurusha angani mzigo mzito kuliko lenyewe.

Sasa tazama jinsi vitabu vinavyoandikwa. Dizeli ya pampu, ya kompresa na ya karasha inahesabiwa Tanzania. Miti ya matimba inahesabiwa Tanzania, chini ya fungu la misitu na matumizi ya ardhi. Dhahabu yenyewe inafika soko la madini, inapimwa uzito na ubora, inatozwa mrabaha na ada ya ukaguzi, kisha sehemu kubwa inaondoka nchini. Wanunuzi wa dhahabu ya Tanzania wamekuwa Falme za Kiarabu, India, Uswisi na Afrika Kusini. Bangili ikivaliwa Mumbai au mche wa dhahabu ukihifadhiwa kwenye ghala la benki Zurich, vitabu vya gesijoto vya nchi hizo havionyeshi hata gramu moja ya moshi wa Iramba. Kwa mujibu wa kanuni, dhahabu imewafikia ikiwa safi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa hata hilo kanda la usufi halionekani.

Barabara inayopita Sekenke nayo ina ushahidi wake. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo kwa njia ya kati yanateremka mlima huo yakiwa na mizigo ya nchi jirani, na yakirudi yanaupanda kwa gia ndogo, mashine ikiunguruma na moshi mweusi ukitanda nyuma. Kanuni ya kimataifa inasema moshi wa magari uandikwe kwa nchi ambako mafuta yameuzwa. Lori lililojaza tangi Dar es Salaam au Singida kwa hiyo linaandikwa kwetu, hata kama kila kilichomo kwenye kontena kitaliwa, kitavaliwa au kitajengewa Kigali na Bukavu. Meli iliyoleta kontena hilo kutoka Shanghai haiandikwi kwa yeyote. Mafuta ya meli na ndege za safari za kimataifa yanaripotiwa pembeni, nje ya jumla ya nchi yoyote, na hali ni hiyo hiyo kwa ndege inayoshusha watalii Kilimanjaro au Zanzibar. Hivyo kuna moshi ulioandikwa mahali ambapo bidhaa haikutumika, na kuna moshi ambao hauna mwenyewe kabisa.

Kipo kipimo kingine, na kina misingi thabiti ya kitaaluma. Mchumi Wassily Leontief alichapisha mwaka 1936 majedwali yanayoonyesha kila sekta ya uchumi inanunua nini kwa sekta nyingine, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Ukiyaunganisha majedwali ya namna hiyo ya nchi nyingi na takwimu za biashara na za gesijoto, unaweza kuufuata moshi kutoka kiwandani hadi kwa mlaji wa mwisho. Watafiti Steven Davis na Ken Caldeira walifanya hivyo na mwaka 2010 wakaonyesha kwamba karibu asilimia 23 ya hewa ukaa ya dunia ya mwaka 2004 ilitokana na bidhaa zilizozalishwa nchi moja na kutumiwa nyingine. Mwaka uliofuata Glen Peters na wenzake walikadiria kuwa hewa ukaa iliyohamishwa kwa njia ya biashara kutoka nchi zinazoendelea kwenda kwa walaji wa nchi tajiri, baada ya kutoa ile iliyokwenda upande wa pili, ilikua kutoka tani bilioni 0.4 mwaka 1990 hadi tani bilioni 1.6 mwaka 2008. Katika miaka hiyohiyo nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zikitangaza kwamba zimepunguza gesijoto. Uingereza, kwa mfano, imepunguza zile zinazotoka ndani ya mipaka yake kwa takriban nusu tangu 1990, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini ukiongeza moshi wa bidhaa inazoagiza kutoka nje, upungufu huo unakuwa mdogo zaidi. Sehemu ya moshi haikuzimika. Ilihama pamoja na viwanda.

Msomaji makini atauliza mara moja: je, huu si utetezi wa nchi inayotaka kujivua lawama? Hoja hii ina uzito na inastahili jibu la wazi. Jibu ni kwamba kipimo cha matumizi hakituvui lawama. Kwa upande wa hewa ukaa ya mafuta na viwanda kinatuongezea. Tunaagiza chuma, mbolea, nguo, mitambo na magari yaliyotumika kutoka Japani, na moshi wa kuvitengeneza ulibaki huko vilikotengenezwa. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba nchi nyingi za Afrika zisizo na viwanda vikubwa, Tanzania ikiwamo, zinatumia hewa ukaa ya aina hiyo zaidi ya ile zinayoitoa. Hata hivyo, mizani kati yetu na matajiri haibadiliki. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili Mtanzania mmoja hafikishi hata tani moja ya hewa ukaa ya mafuta kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unakaribia tani 5 na wa Mmarekani ni karibu tani 14. Anayekitetea kipimo cha matumizi kutoka Tanzania kwa hiyo hatafuti punguzo. Anataka hesabu ikamilike, na yuko tayari kulipa sehemu yake.

Singida inatoa mfano ulio bora kuliko dhahabu katika jambo hili, nao ni mafuta ya kula. Mkoa huu ni miongoni mwa vitovu vya alizeti nchini, na mashine za kukamua zimejaa kuanzia Singida mjini hadi Kiomboi. Wakati huohuo nchi imekuwa ikiagiza kiasi kikubwa cha mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, ambako mashamba mengi yalianzishwa kwa kufyeka misitu ya mvua na kukausha ardhi ya mboji yenye majimaji. Ardhi hiyo ikikauka, kaboni iliyojilimbikiza humo kwa maelfu ya miaka inaoza na kupanda angani, na ikishika moto inapanda kwa kasi ya kutisha. Vitabu vyetu havina habari na hilo. Kwa kipimo cha mipaka, trekta linalolima alizeti Iramba ni doa kwa Tanzania, na dumu la mawese lililoshushwa bandarini halina doa lolote. Waziri anayepanga bajeti kwa kuangalia kitabu kimoja tu anaweza kudhani kwamba kuua zao la alizeti na kuagiza mawese ni kuhifadhi mazingira. Hilo ni kosa, na kitabu cha pili kingelifichua siku ya kwanza. Simaanishi kwamba kila kitu cha nyumbani kina moshi mdogo. Waridi la Naivasha linalosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya limewahi kuonekana, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield wa 2007, kuwa na hewa ukaa pungufu mara kadhaa kuliko la Uholanzi, kwa sababu la Uholanzi lilioteshwa kwenye banda linalopashwa joto. Umbali peke yake hausemi kitu mpaka hesabu ifanywe.

Pingamizi la pili ni la watu wa sheria na utawala. Wanasema mlaji wa Mumbai hawezi kumwamuru mchimbaji wa Sekenke azime jenereta. Mwenye uwezo huo ni Serikali ya Tanzania, na wajibu hauna budi kukaa mahali penye mamlaka. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo sababu sipendekezi kitabu cha mipaka kifutwe. Nguvu ya kubadilisha namna dhahabu inavyochimbwa ipo hapa. Umeme wa gridi ukifika kwenye karasha badala ya dizeli, na gridi hiyo ikitegemea maji ya Rufiji kupitia Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, moshi wa kila gramu ya dhahabu unashuka sana, na sifa ya kuushusha ni yetu. Mizigo ya Rwanda na Kongo ikihamia kwenye reli ya kisasa ya umeme, ambayo njia yake inapita kusini mwa mkoa huuhuu kutoka Makutupora kuelekea Tabora, malori ya mlima Sekenke yatapungua. Lakini mitambo, nyaya na reli vinahitaji fedha, na swali la nani achangie haliwezi kujibiwa na kitabu kinachosema mtumiaji wa mwisho hahusiki. Mamlaka yanatuambia nani atende. Matumizi yanatuambia nani alipie. Haya ni maswali mawili, na kuyajibu kwa hesabu moja ni kuyachanganya.

Wapo pia wanaosema hesabu hizi ni ngumu na zimejaa makadirio. Ni ngumu kweli. Ila hata hesabu ya mipaka tunayoiwasilisha sasa imejengwa kwa makadirio: hakuna anayepima methani ya kila ng'ombe katika nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, na hakuna anayepima mkaa wote unaotoka porini. Tunatumia viwango vya wastani na tunaendelea kuviboresha. Zaidi ya hapo, jumuiya ya kimataifa yenyewe imeshakubali kwamba tani inaweza kuvuka mpaka kwenye vitabu. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris wa 2015, ambayo kanuni zake za msingi zilipitishwa Glasgow mwaka 2021, inaruhusu nchi moja kununua upunguzaji uliofanyika nchi nyingine. Aliyeuza anaongeza tani hizo kwenye hesabu yake na aliyenunua anazipunguza kwenye ya kwake. Tanzania ilitunga kanuni zake za biashara ya kaboni mwaka 2022 ili ishiriki soko hilo. Kama tani iliyookolewa na msitu wetu inaweza kuandikwa kwa jina la mnunuzi wa mbali, sioni sababu ya tani iliyochomwa kwa ajili yake kubaki kwa jina letu pekee.

Tena wenye nguvu hawatusubiri. Umoja wa Ulaya ulianza Oktoba 2023 kudai taarifa za kaboni iliyomo katika chuma, alumini, saruji, mbolea, umeme na haidrojeni vinavyoingia kwake, na malipo yenyewe yanahusu mizigo inayoingia kuanzia 2026. Dhahabu haimo kwenye orodha hiyo. Funzo lililomo ni hili: muuzaji asiye na takwimu zake mwenyewe anapewa kiwango kilichopangwa na mnunuzi, na kiwango hicho hakipangwi kwa kumwonea huruma. Kipimo cha matumizi kinatumika tayari, katika upande unaokusanya fedha mpakani. Nchi inayozalisha ikikaa kimya, hesabu itafanywa na wengine nayo itapelekewa ankara.

Sasa turudi ndani, mahali ambapo naamini hoja hii inauma zaidi. Nishati ya kupikia ya Watanzania walio wengi bado ni kuni na mkaa. Tanuri la udongo linaweza kumeza tani 5 hadi 10 za kuni kutoa tani 1 ya mkaa, na wakati kuni zinaungua bila hewa ya kutosha humo ndani, methani inatoroka pamoja na moshi. Mti unakatwa Iramba, Manyoni au Sikonge, gunia linasafiri kwa lori au pikipiki, na sufuria inachemka Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam. Ripoti tuliyowasilisha Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba kati ya 2002 na 2013 Tanzania Bara ilikuwa ikipoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Kilimo ndicho kinachofyeka zaidi, na mkaa unafuata nyuma yake au unakitangulia. Ramani ya upotevu huo inaweka doa pale mti ulipoanguka. Viongozi wa kijiji wanaitwa kujieleza, mkata mkaa ananyang'anywa baiskeli, na mlaji wa mjini hahojiwi na mtu. Huu ni mgawanyo uleule wa Sekenke na Mumbai, tofauti ni kwamba safari hii sisi wa mijini ndio tuliokaa upande wa Mumbai.

Kwa sababu hiyo nauona Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake, kuwa hatua iliyoanzia mahali sahihi, yaani jikoni kwa mtumiaji. Agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni kuanzia mwisho wa Januari 2024 lilifuata mantiki hiyohiyo. Upungufu wake ni wa kihesabu. Gunia likipungua Dodoma, hatuna kitabu kinachoonyesha ni msitu gani wa Singida umepona, wala ni kijiji gani kilistahili kulipwa kwa kuusimamia. Kwa jinsi hiyo hiyo, kuanzia Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu walitakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya viwanda vya ndani vya kusafisha na Benki Kuu. Dhahabu hiyo ikiingia akiba ya taifa, moshi wake ni wa taifa kwa vipimo vyote viwili, na tusiutupie mgeni.

Serikali iliahidi mwaka 2021 kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila kuchukua hatua. Ahadi hiyo itapimwa kwa kitabu cha mipaka, na iwe hivyo. Ninachoiomba Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo ilishaandaa majedwali ya ugavi na matumizi ilipohamishia mwaka wa kizio wa Pato la Taifa 2015, ni kuyaunganisha majedwali hayo na takwimu za gesijoto na kuchapisha kitabu cha pili kando ya cha kwanza, chenye safu ya mikoa. Ninachoiomba Tume ya Madini ni kazi ndogo zaidi: fomu ya soko la madini inayouliza uzito, ubora na mrabaha iulize pia lita za dizeli na uniti za umeme zilizotumika. Mchimbaji wa Sekenke anazijua lita hizo kwa kichwa, kwa sababu anazilipia kila siku.